Dawa na Harufu ya Kinywa

Muhula uliopita mwenzetu mmoja bwenini alichekwa kwa kuwa kinywa chake kilinuka, naye akaanza kuficha vidonge vyake vya mzio asivimeze. Tulidhani ni mvivu wa kupiga mswaki, kumbe sivyo.

Mate huosha kinywa mchana kutwa. Dawa nyingine, kama zile za mzio zinazoleta usingizi, hupunguza mate. Kinywa kikikauka, vijidudu vilivyo juu ya ulimi huzidi, navyo hutoa gesi zenye salfa zinazonuka. Tena dawa ya pumu ya kuvuta yenye steroidi yaweza kuleta utando mweupe wa kuvu kinywani; ndiyo sababu mgonjwa huambiwa asukutue kwa maji na kuyatema kila amalizapo kuivuta.

Basi tufanyeje? Kunywa maji mara kwa mara, piga mswaki asubuhi na usiku, nao ulimi uusugue taratibu. Lakini usiache dawa kwa shauri lako. Mwulize daktari, huenda akakubadilishia.

Mwenzetu sasa humeza vidonge vyake, na chupa ya maji i kando ya kitanda chake. Sisi tuliomcheka, nami nikiwamo, tumemwomba radhi.