Kutoka Diploma Hadi Digrii: Dai Yuniti Zako Kabla ya Kulipa Karo

Mwanafunzi aliyepata C katika KCSE hawezi kupangiwa kozi ya digrii na KUCCPS, kwa kuwa kiwango cha chini cha digrii ni C+. Anaweza hata hivyo kusomea diploma, ambayo hufunguliwa kwa C- na kuendelea, kisha akaingia chuo kikuu kwa cheti hicho cha diploma. Wakaazi wengi wanaijua njia hii. Wasichojua wengi wao ni kwamba, wakifika chuo kikuu, wanaweza kuomba wahesabiwe masomo waliyokwisha kuyasoma na kufaulu. Asiyeomba huanza mwaka wa kwanza kama aliyetoka shule ya upili jana.

Sheria ya mwaka 2014 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo (KNQA) ilikusudia vyeti vya nchi hii vishikane kama ngazi. Cheti cha ufundi kiko chini ya diploma, diploma iko kiwango cha 6, na digrii ya kwanza kiwango cha 7. Kijana aliyeanzia katika chuo cha ufundi cha kaunti, akajifunza uashi au umeme, anaweza kupanda hatua kwa hatua mpaka juu. Ieleweke kwamba Katiba imeipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, huku vyuo vikuu vikiwa chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti haiwezi kukiamuru chuo kikuu kimpokee mtu. Ndiyo maana ni muhimu mwombaji mwenyewe ajue cha kuuliza.

Tuchukue mfano wa msichana mwenye diploma ya uhasibu. Chuoni alisoma misingi ya uhasibu, hesabu za biashara na sheria ya biashara. Anapojiunga na digrii ya biashara, masomo hayo hayo yanamngoja mwaka wa kwanza. Akiomba kuhamisha yuniti, idara husika huchukua silabasi yake na kuilinganisha na yao: mada zilizofundishwa, saa zilizotumika, na alama alizopata. Jina la somo peke yake halitoshi. Yuniti mbili zinaweza kuitwa jina moja huku moja ikiwa na nusu tu ya mada za nyingine.

Kuna mpaka pia. Kanuni za elimu ya vyuo vikuu haziruhusu yuniti zilizohamishwa kufika nusu ya kozi ya digrii. Kwa hivyo miaka 3 ya diploma haigeuki kuwa miaka 3 ya digrii. Mara nyingi kinachookolewa ni mwaka mmoja, au yuniti kadhaa tu. Lakini mwaka mmoja ni karo ya semesta 2, kodi ya chumba na chakula, na kwa familia nyingi ni tofauti kati ya kumaliza na kukatiza.

Karatasi ndizo huwakwamisha watu. Cheti na transkripti kila mtu huvikumbuka, silabasi husahaulika. Iombe katika idara uliyosomea, ikiwa na muhuri wa chuo, ungali mwanafunzi pale au punde tu baada ya kumaliza. Kuirudia miaka 5 baadaye, wakati mtaala umebadilishwa na mkuu wa idara amehamishwa, ni kazi ngumu. Ukiwa na deni la karo katika chuo cha diploma, lishughulikie mapema, maana huenda deni hilo likachelewesha transkripti. Waliopoteza vyeti vya mitihani ya KNEC wanaweza kuomba huduma hiyo kupitia mfumo wa QMIS wa baraza hilo. Na waliosoma chini ya mtaala wa umahiri wauliza mapema chuo kikuu kinasoma vipi cheti kinachosema mtu amefikia umahiri badala ya kuonyesha Distinction, Credit au Pass. Vyuo vikuu vingi huitaka Credit, na baadhi hutazama pia alama ya KCSE.

Jibu lipatikane kwa maandishi. Kuambiwa kwa simu, “Njoo tu, utaingia mwaka wa pili,” si jibu. Barua ya kukubaliwa ionyeshe mwaka unaoanzia na yuniti ulizohesabiwa. Ikiwa haionyeshi, rudi kwa ofisi ya msajili kabla ya kwenda benki. Ukishalipa na kuanza masomo, nguvu ya kujadiliana hupungua.

Uliza pia kuhusu fedha. Anayeomba moja kwa moja kwa chuo kikuu kwa diploma hakupangwa na KUCCPS, hivyo karo yake inaweza kuwa juu kuliko ya mwenzake wa darasa moja aliyepangwa na serikali. Wasiliana na HELB kujua kama unastahili mkopo, na usiweke basari ya wadi au ya NG-CDF kwenye bajeti kana kwamba tayari iko mfukoni.

Kozi za taaluma zina walinzi wao. Bodi ya Wahandisi husajili waliohitimu kozi inazozitambua. Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) humtaka mwalimu wa sekondari mwenye digrii awe na C+ katika KCSE, pamoja na C+ katika masomo 2 anayofundisha, na hapo mtu mwenye digrii nzuri anaweza kujikuta nje. Anayelenga uhandisi, uuguzi au ualimu aanzie kwa bodi husika kabla ya kufika chuo kikuu.

Wenye diploma za Tanzania au Uganda, ambao si wachache katika familia zenye ndugu ng’ambo ya mpaka, watahitaji kwanza KNQA iutambue na kuulinganisha ufuzu wao na wa Kenya. Shughuli hiyo ina ada na huchukua muda, kwa hivyo anayelenga kuingia Septemba asingoje Agosti kuianza.