Ukame Bariadi: Ng'ombe ndiye bima, lakini huuzwa kwa hasara

Mvua zinapokatika wilayani Bariadi, minada ya ng'ombe hujaa. Kila kaya inatafuta fedha za mahindi wakati mmoja, mifugo imekonda na wanunuzi wanajua muuzaji hana pa kwenda. Bei ya ng'ombe inashuka huku ya gunia ikipanda. Hivyo ndivyo mkulima anavyogharimia maafa: kwa mtaji wake mwenyewe, tena siku ambayo mtaji huo una thamani ndogo kabisa.

Msaada upo, ila huja baadaye. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) huhifadhi nafaka kwa ajili ya miaka ya namna hiyo, lakini kabla mahindi hayajatoka ghalani lazima tathmini ya upungufu ifanyike. Ikikamilika, ng'ombe wengine wameshauzwa.

Wasukuma walikuwa na maandalizi yao, ngitili: malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, uliufufua utaratibu huo. Gharama yake ni ndogo: ardhi, na uvumilivu wa kutoingiza mifugo mapema.

Fedha kubwa zilipatikana mwaka 2017, pale Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulipoidhinisha zaidi ya euro milioni 100 kwa mradi wa Simiyu wa kuleta maji ya Ziwa Victoria. Benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, nayo inachangia. Maji ni muhimu, lakini hayamrudishii mtu mbegu zilizokauka shambani.

Hiyo ni kazi ya bima. Mwaka 2023 kampuni za bima nchini ziliunda umoja wa bima ya kilimo. Katika bima ya vipimo vya mvua, fidia hulipwa kipimo kikishuka chini ya kiwango, bila mtu kukagua shamba. Kasoro yake wakulima wanaijua: mvua hunyesha Dutwa ikairuka Nkololo. Kabla ya kulipa, ni vema kuuliza kipimo ni cha eneo gani na fidia hutoka baada ya siku ngapi.

Tatizo jingine ni kalenda. Ada inadaiwa wakati wa kupanda, Novemba na Desemba, mfuko ukiwa mtupu. Fedha za pamba huingia katikati ya mwaka kupitia AMCOS. Mwanachama akikubali kwa maandishi, ada ingeweza kukatwa hapo hapo kwenye malipo yake, miezi kadhaa kabla ya mbegu kuingia ardhini.