Dawa Inayokata Kamba za Seli

Leo tutasoma juu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto, na dawa yake.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno, zinazoitwa seli. Mtoto hukua kwa kuwa seli moja hugawanyika ikawa mbili, na mbili zikawa nne. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili urithi wake wote, kisha husokota kamba nyembamba za kuvuta nakala moja upande huu na ya pili upande ule. Kamba hizo huitwa mikrotubuli. Mnajua jinsi kamba ya mgomba inavyosokotwa, unyuzi kwa unyuzi. Seli nayo huunganisha vipande vidogo hivyo hivyo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Daktari Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo. Ni saratani, na ina mbio za ajabu: uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Dawa mojawapo ni vinkristini. Asili yake ni mmea wa Bukini, wenye maua ya waridi au meupe, ambao wengine wameupanda uani kwa urembo tu. Dawa hiyo hushika vile vipande, kamba isisokoteke. Seli ya saratani ikitaka kugawanyika hukwama, ikafa.

Nywele zaweza kunyonyoka, maana seli za nywele nazo hugawanyika upesi. Baadaye huota tena. Mishipa ya fahamu pia hutumia kamba hizo, ndiyo sababu vidole hufa ganzi na choo kikawa kigumu. Mwambieni muuguzi, msinyamaze.

Wala msichemshe majani ya ua hilo nyumbani. Ni sumu. Dawa yenyewe hupimwa hospitalini, ikatiwa katika mshipa wa damu, pamoja na dawa nyingine.

Taya likivimba, watu hudhani ni jino. Jino hung'olewa, wiki hupita, na uvimbe unazidi. Mtoto mwenye taya lililovimba, meno yaliyolegea au jicho lililotokeza apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Bugando, Mwanza, hutibu saratani hii, na mtoto aliyewahishwa aweza kupona.

Sasa andikeni madaftarini: seli, kamba, taya. Kisha kila mmoja amweleze mwenzake kwa nini nywele za mgonjwa hunyonyoka.