Lipa bima ya afya kwa simu kabla hujaugua

Wakazi wengi wa Eastlands, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, wamejiandikisha katika bima ya afya ya umma, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Lakini fahamu, ewe msomaji, kwamba kujiandikisha ni jambo moja na kulipa ni jingine.

Wengi hupotoka hapa. Ukishajiandikisha, unatibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA, kwa sababu gharama hiyo hutoka katika hazina ya serikali. Basi mtu hutibiwa kikohozi au homa, akarudi nyumbani akiamini ana bima kamili. Siku anapolazwa katika hospitali kubwa, kama vile Mama Lucy Kibaki au Pumwani, ndipo anapoambiwa hajalipa mchango wake.

Chukua mfano wa mama mjamzito. Kulingana na viwango vilivyotolewa 2024, SHA hulipia hospitali Sh10,000 kwa uzazi wa kawaida na Sh30,000 kwa uzazi wa upasuaji. Asiyelipa mchango hujitafutia fedha hizo mwenyewe.

Asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango ni asilimia 2.75 ya mapato ya jamaa, na hakipungui Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Kwa nini usisubiri hadi uugue? Bima ni kama chama cha akina mama mtaani. Iwapo kila mwanachama atatoa fedha siku ya shida yake pekee, kikapu kitakuwa kitupu. Isitoshe, kutafuta mchango wa mwaka usiku ambao mgonjwa amezidiwa ni mateso.

Kulipa kwa simu si kazi ngumu:

1. Piga *147# ujiandikishe kwa kitambulisho chako. Hakikisha mke au mume na watoto wameandikishwa chini yako.

2. Jibu kwa ukweli maswali kuhusu hali yako ya maisha. Majibu hayo ndiyo huamua kiwango chako.

3. Lipa kwa M-Pesa, paybill 200222. Nambari ya akaunti ni ile ya kitambulisho chako. Isome mara mbili kabla ya kutuma.

4. Hifadhi ujumbe wa malipo, kisha piga *147# tena kuthibitisha.

Usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri, hata akijifanya mfanyakazi wa SHA.

Kwa wasioweza kulipa kwa mkupuo, mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulianzishwa 2025. Unakopeshwa mchango wa mwaka, kisha unaurejesha kidogo kidogo. Kumbuka kuwa huo ni mkopo.

Ikiwa nyumbani kwako kuna mja mzito, au mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu, usingoje. Thibitisha leo kama mchango wako umelipwa.