Mizizi Ingali Hai: Utunzaji wa Mazingira na Dira ya Maisha ya Mkazi

Kila mwaka mvua za kwanza zinapoanza, miche ya miti hugawiwa katika ofisi za kata, shule na zahanati, na wananchi hujitokeza kwa wingi kuipanda. Miezi sita baadaye, kiangazi kikiwa kimekolea, huulizwa swali moja: ni miche mingapi iliyobaki? Mche uliokauka mara nyingi ulikuwa na mpandaji. Uliokosa ni mtu ambaye, akiamka asubuhi, anajua kuwa mche ule ni wajibu wake.

Katika kata hizo hizo wamo pia watu ambao asubuhi haiwaletei wajibu wowote. Yupo kijana aliyehitimu kidato cha nne na bado hajapata shughuli. Yupo mtumishi aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kuamkia kazini. Yupo mzazi ambaye watoto wake wote wamehamia mijini. Shida yao haiishi kwenye kipato peke yake. Wanakosa pia jambo linalowahitaji. Makala haya yanaeleza jinsi hitaji la ardhi kutunzwa na hitaji la mtu kuwa na kusudi maishani yanavyoweza kukutana, na jinsi mkazi anavyoweza kupata nafasi yake kupitia serikali ya kijiji, kata na Halmashauri.

Mkoa ulioitwa jangwa

Mkoa wa Shinyanga una historia inayolieleza jambo hili vizuri. Wakati wa utawala wa kikoloni, mapori makubwa yalifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Baadaye kilimo cha pamba kilipanuka, mifugo iliongezeka, na mahitaji ya kuni na majengo yalikua pamoja na idadi ya watu. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilizihamisha kaya nyingi kutoka katika maeneo ziliyoyatunza kwa desturi. Ardhi ikabaki wazi, udongo ukachukuliwa na maji, na kuni zikawa za kutafutwa mbali. Mwalimu Julius Nyerere aliuita mkoa huo Jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa kifupi kama HASHI. Hapo mwanzo nguvu kubwa iliwekwa katika vitalu na ugawaji wa miche. Ukame, mchwa na mifugo viliiangamiza mingi, na wananchi wengi waliiona kazi hiyo kuwa ya Serikali. Mafanikio yalianza kuonekana wataalamu walipoigeukia desturi ya Wasukuma wenyewe, yaani ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi, vichaka na miti viote bila kusumbuliwa. Hufunguliwa kiangazi kikiwa kimekomaa, malisho ya kwingineko yakiwa yamekwisha, ili ng'ombe wa kulimia, ndama na wanyama dhaifu wapate chakula. Zipo ngitili za kaya na zipo za kijiji au za taasisi kama shule. Programu ilipoanza, eneo la ngitili lililosalia lilikadiriwa kuwa takriban hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, makadirio yalikuwa yamevuka hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Hakuna bajeti ya umma ambayo ingetosha kumwajiri mlinzi kwa kila hekta ya eneo lile. Ulinzi ulifanywa na kaya zenyewe. Kila ngitili ilikuwa na mwenyewe aliyejua mpaka wake unapopita, na kila kijiji kilikuwa na utaratibu wa kumwajibisha mvunjaji. Mkutano wa jadi uitwao dagashida uliweka kanuni na adhabu, na sungusungu walisimamia utekelezaji. Msitu ulirejea kwa sababu watu wengi, kila mmoja mahali pake, walikuwa na sehemu ya kuitazama.

Kinachompa mtu kusudi

Historia hiyo inaonyesha mambo manne yanayoifanya kazi ya mazingira impe mtu dira, tofauti na tukio la siku moja.

Jambo la kwanza ni mipaka inayojulikana. Mtu anayeambiwa atunze mazingira kwa ujumla hajui aanzie wapi wala amalizie wapi. Anayeambiwa kuwa chanzo cha maji cha kitongoji, kuanzia mgunga ule hadi kwenye daraja, kipo chini ya uangalizi wake, anajua kazi yake na anajua siku alipoikosa.

La pili ni matokeo yanayoonekana kwa macho. Nyasi zilizofungwa kwa msimu mmoja zinatofautiana wazi na za jirani. Kuni zikipatikana karibu, mama wa nyumbani anazihesabu kwa saa alizookoa. Ndege waliotoweka wakirudi, wazee huwa wa kwanza kuwataja. Mtu anayeyaona mabadiliko aliyoyasababisha hahitaji kuambiwa kwamba ana faida.

La tatu ni wenzake wanaomtegemea. Mwanakikundi asipofika zamu yake ya kumwagilia kitalu, miche hukauka na wenzake humuuliza. Kuulizwa huko kuna thamani yake: ni alama kwamba kutokuwepo kwake kumeonekana. Kwa mstaafu au kijana asiye na ajira, zamu moja kwa wiki inaweza kuwa mwanzo wa kurudi katika hesabu ya watu.

La nne ni muda mrefu. Mkwaju unaotunzwa leo utawapa kivuli na matunda watu ambao bado hawajazaliwa. Kazi ya namna hiyo humfungamanisha mtu na waliomtangulia na watakaomfuata. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika kazi hii, mara nyingi anayekula kivulini ni mjukuu, na mtunzaji analijua hilo tangu siku ya kwanza.

Pamoja na hayo, ukweli usifichwe. Faida za ngitili hazikuwafikia wote kwa usawa. Kaya zenye ardhi kubwa zilinufaika zaidi, na wasio na ardhi ya kutosha, wakiwamo wanawake wengi, walitegemea maeneo ya pamoja. Mahali ambapo eneo la pamoja halina kanuni, wenye mifugo mingi hulimaliza kabla ya wengine. Aidha, ukame unaweza kuharibu kazi ya miaka. Kwa sababu hiyo, kusudi la mtu mmoja halitoshi bila uamuzi wa pamoja unaomlinda mtunzaji na kuwapa wasio na ardhi nafasi sawa.

Kisiki hai: kazi isiyohitaji mtaji

Wakazi wengi huamini kwamba utunzaji wa miti huanza na mche wa kununua. Sivyo ilivyo katika mashamba mengi ya nyanda kame. Miti iliyokatwa huacha visiki ambavyo mizizi yake ingali hai na imefika chini kwenye unyevu. Machipukizi yake huonekana kama vichaka visivyo na maana, hufyekwa kila msimu, na kila msimu huchipua tena.

Mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, aliligundua hilo mwaka 1983 katika eneo la Maradi nchini Niger. Alikuwa amepanda miche kwa miaka kadhaa na mingi ilikufa, hata akakaribia kukata tamaa. Alipokitazama kwa makini kichaka kimoja kando ya njia, aliona kuwa kilikuwa mti uliokatwa, unaojaribu kuota upya. Tangu hapo alifanya kazi na wakulima kuvitunza visiki badala ya kutegemea miche, na nchini Niger peke yake njia hiyo imerejesha miti katika hekta zinazokadiriwa kufikia milioni 5. Mkoani Dodoma njia hiyo imeenea kwa jina la kisiki hai.

Hatua zake ni chache. Kwanza, mkulima hulikagua shamba lake na kuchagua visiki vinavyochipua, akizingatia aina za miti anazozihitaji na nafasi ya kulima kati yake. Pili, katika kila kisiki huchagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, kwa kawaida mawili hadi matano, na kuyakata mengine kwa panga au kisu kikali bila kuchana gome. Tatu, hupogoa matawi ya chini ya machipukizi yaliyobaki ili nguvu iende juu. Nne, hufunga kipande cha kitambaa kwenye kisiki ili kila apitaye, na hasa mchungaji, ajue kuwa mti huo una mwenyewe. Tano, huulinda dhidi ya mifugo na moto, na hurudi kupogoa kila baada ya miezi michache.

Kazi hii inafaa kwa mtu asiye na fedha. Vifaa vyake vimo katika karibu kila nyumba, maji ya kumwagilia hayahitajiki, na mzee anaweza kuifanya kwa mwendo wake, mjukuu akimsaidia.

Nafasi ya mkazi katika mamlaka za mitaa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka utaratibu wa usimamizi wa mazingira hadi ngazi ya kijiji, ikiwa ni pamoja na kamati za mazingira. Sheria hiyo pia inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa na mabwawa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga na kusimamia msitu wa hifadhi katika ardhi yake, na inaviruhusu vikundi vya wananchi kusimamia msitu kwa pamoja.

Chombo cha uamuzi ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, na unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mkazi anapoweza kupendekeza kufungwa kwa eneo la malisho, kulindwa kwa chanzo cha maji au kuwekwa kwa zamu za kudhibiti moto. Pendekezo likihitaji nguvu ya sheria, Halmashauri ya Kijiji huandaa sheria ndogo, Mkutano Mkuu huijadili, nayo hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata hadi Halmashauri ya Wilaya kwa idhini. Sheria ndogo iliyoidhinishwa humlinda mtunzaji: mchungaji anayeingiza mifugo ndani ya eneo lililofungwa hakosani tena na jirani mmoja, bali amevunja uamuzi wa kijiji kizima.

Kwa wanaotaka kuunganisha utunzaji na kipato, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Mgawanyo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Vitalu vya miche na ufugaji wa nyuki ni shughuli zinazokwenda pamoja na uhifadhi, kwa kuwa nyuki huhitaji miti inayotoa maua, naye mwenye mizinga huwa na sababu ya kuilinda miti hiyo dhidi ya moto na shoka.

Namna ya kuanza

Mkazi anayetaka kushiriki anashauriwa kufika kwanza kwa Mwenyekiti wa Kitongoji au Afisa Mtendaji wa Kijiji na kuuliza mambo matatu: kama kamati ya mazingira ipo na inakutana lini, ni maeneo gani yametengwa kwa uhifadhi, na ni eneo lipi ambalo halina mtunzaji. Swali la mwisho lina uzito, kwa kuwa jibu lake linaweza kuwa ndiyo kazi yake.

Baada ya hapo ni vyema achague jambo moja dogo na alitaje hadharani: visiki 20 katika shamba lake, safu ya miti ya uzio wa shule, au mita 100 za ukingo wa kijito. Achague pia mwenzake mmoja wa kumkumbusha. Akiwa na daftari la kuandika tarehe, alichokifanya na alichokikuta, ataweza kutoa taarifa kwenye mkutano wa kijiji, na taarifa hiyo itawasaidia wengine kujua kinachowezekana katika udongo na mvua za eneo lao.

Ushauri wa kitaalamu kuhusu aina za miti, upogoaji, ufungaji wa ngitili na vibali vya kuvuna mazao ya misitu hutolewa na maafisa misitu na maafisa ugani kupitia ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata. Taratibu za mikopo ya vikundi hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii. Kijiji ambacho kamati yake ya mazingira haijakutana kwa muda mrefu kinahimizwa kuliweka suala hilo katika ajenda za Mkutano Mkuu ujao, kabla mvua hazijaanza na maeneo ya kufungwa hayajachaguliwa.