Je, Wajua? Gharama ya Kiungo Katika Itifaki ya OSPF

Itifaki ya OSPF, yaani kanuni ambazo ruta hufuata ili kupashana habari za mtandao na kuchagua njia za data, hukipa kila kiolesura, ambacho ni mlango wa ruta unaoelekea kwenye kiungo fulani, gharama isiyozidi 65,535, na njia yenye jumla ndogo ya gharama ndiyo hutumika, hesabu yake ikifuata kanuni aliyoichapisha Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959.

Katika ruta nyingi za Cisco, zikiachwa na mipangilio yake ya awali, gharama hupatikana kwa kugawa megabiti 100 kwa sekunde kwa kasi ya kiungo, kwa hiyo kiungo cha megabiti 10 hupata 10 na cha megabiti 100 hupata 1. Lakini kile cha gigabiti 10, ambacho kasi yake ni mara mia ya hicho cha pili, nacho hupata 1, kwa kuwa gharama haishuki chini ya hapo. Kasoro hiyo si ndogo hata kidogo, na dawa yake ni kupandisha kasi ya rejea, yaani hizo megabiti 100 zinazogawanywa, katika ruta zote, wala si katika moja tu.

Aina ya kiolesura nayo yataka uangalifu: upande mmoja wa kiungo cha Ithaneti ukiwekwa kuwa wa nukta kwa nukta, na mwingine ukaachwa kuwa wa utangazaji, ambao huteua ruta kiongozi, ruta hizo huonekana zimeelewana kikamilifu, ilhali maelezo yao kuhusu kiungo hicho yanapingana, hivyo njia zinazokipitia haziingii katika jedwali la njia.