KWA NINI REDIO MOJA INA BEI MBILI?

Nanasi la Kiwangwa ni rahisi hapo Kiwangwa. Likifika Dar es Salaam bei imepanda. Gari limelipwa, mpakizi amelipwa, na mwenye meza sokoni naye anataka faida. Mkulima anayajua hayo.

Redio nayo husafiri. Lakini redio hupita pia forodhani.

Watu wa Bagamoyo husema redio ni rahisi Dubai. Ni kweli. Tufanye hesabu. Tuseme redio imefika bandarini ikiwa na thamani ya shilingi 40,000. Dubai ushuru wa forodha ni asilimia 5. Inakuwa 42,000. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 5 pia. Jumla ni 44,100.

Redio hiyo hiyo ikishushwa Dar es Salaam, ushuru ni asilimia 25. Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kutoza kiwango hicho mwaka 2005 kwa bidhaa nyingi zinazotoka nje zikiwa tayari, ili kulinda viwanda vyao. Inakuwa 50,000. Ongeza kodi ya asilimia 18. Jumla ni 59,000, na tozo ndogo ndogo bado.

Miaka ya 1990 Unguja ilitoza ushuru mdogo kuliko Bara. Ndipo wengine wakazoea kununua huko na kuvusha usiku kwa jahazi hadi bandari bubu za pwani yetu. Mimi ni bwana shamba, si mtu wa forodha, lakini siwashauri. Mali ya magendo ikikamatwa huchukuliwa, na nauli imekwisha kulipwa.

Ukinunua redio, dai risiti. Ikinyamaza wiki ya pili, hiyo ndiyo utakayomwonyesha mwenye duka.